Mikroplastiki na mayai ya samaki: nipime namna gani hapa Bukavu?

Mwana_Ibanda

Jambo kwenu wenye kujua mambo ya samaki. Natayarisha TFC (kazi ya kumaliza masomo) ya biolojia juu ya madhara ya mikroplastiki, yaani vipande vidogo sana vya plastiki, kwa wanyama wa maji wakiwa bado mayai na vifaranga. Maandishi karibu yote yanaongelea bahari: chaza, nungunungu wa bahari, samaki wa maji ya chumvi. Sisi tuko na ziwa Kivu, na kila mvua ikinyesha masashe na machupa yanashuka ziwani.

Nafikiri kuchukua mayai ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, niyatie ndani ya maji yenye chembe za plastiki za 10 µm (µm moja ni sehemu ya elfu ya milimita), miligramu 1 kwa lita, kisha nihesabu yanayokufa. Kipimo hicho kinafaa? Na kama mayai hayafi, niandike kwamba plastiki haina madhara?

Kambare_Mkubwa

Mdogo wangu, achana na sambaza. Anakufa upesi akitolewa ziwani, na hutapata mayai ambayo unajua saa yaliyorutubishwa. Tumia kambare (*Clarias gariepinus*). Jike mmoja anatoa maelfu ya mayai kwa mara moja, unayarutubisha mwenyewe, saa yako inaanzia hapo. Kwenye nyuzi 28 yanaanguliwa baada ya saa 24 hadi 30 hivi. Maji ya Kivu ni baridi zaidi, kwa hiyo shikilia joto moja kwa vyombo vyote, la sivyo utapima baridi ukidhani unapima plastiki.

Angalia jambo moja: mayai ya kambare yananata. Wafugaji wengi huyaosha kwa maji ya udongo. Wewe tumia maziwa, maana udongo utakuachia chembe ambazo hukuziweka wewe. Suuza mara nyingi, maziwa yakibaki yanaoza.

Weka mayai 20 katika kila sahani ya kioo, sahani 4 kwa kila kundi, maji yasizidi sentimeta 2. Yai likigeuka jeupe, litoe siku hiyohiyo, ukungu wake unahamia kwa jirani. Badilisha nusu ya maji kila siku kwa maji yenye kipimo kilekile. Kina kifupi kinakusaidia hata umeme ukikatika usiku. Ukitegemea pampu ya hewa katika chombo kirefu, mayai yatakosa oksijeni na wewe utaandika kwamba plastiki ndiyo iliua.

Labo_Nguba

Hayo ya kambare ni sawa. Shida yangu ni kipimo. Chembe moja ya polistireni, aina ya plastiki, ya 10 µm ina uzito wa nanogramu 0.55 hivi. Piga hesabu: miligramu 1 kwa lita ni chembe karibu milioni 1.8 katika lita moja! Wanaovuta wavu ziwani au baharini huhesabu chembe kwa mita nzima ya ujazo. Kweli, wavu wa matundu ya 0.3 mm hauwezi kushika 10 µm, lakini hiyo haikupi ruhusa ya kuruka hadi mamilioni. Panga vipimo vitatu, kila kimoja mara kumi ya kilichotangulia, uanzie chini, na uandike idadi ya chembe pamoja na uzito.

Swali lako la pili: hapana, usiandike hivyo. Chembe ya 10 µm haipenyi ganda la yai. Kwa samaki pundamilia wa maabara, vitundu vya ganda ni kama 0.5 hadi 0.7 µm tu. Kabla ya kuanguliwa, chembe inabaki nje, labda inafunika yai na kupunguza hewa. Kinachoingia ni kemikali zinazotoka ndani ya plastiki. Kifaranga akifungua kinywa ndipo anameza. Hizo ni njia mbili tofauti, na ukizichanganya kazi yako haitajibu kitu. Kwa hiyo makundi yawe manne: maji matupu, kaolini (udongo mweupe laini) ya ukubwa uleule, ili ujue kama ni plastiki au chembe yoyote tu, plastiki yenyewe, na maji yaliyolowekwa plastiki kisha yakachujwa.

Usipime vifo peke yake. Pima saa ya kuanguliwa, urefu wa siku ya 3, mkia uliopinda, uvimbe kuzunguka moyo, mapigo ya moyo kwa sekunde 15. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa chaza waliokaa miezi miwili na polistireni ya 2 na 6 µm. Wazazi hawakufa, lakini mayai yalipungua kwa 38%, mbegu za dume zikapunguza mwendo kwa 23%, na watoto wao wakapungua kwa 41%. Angehesabu maiti tu, mtafiti asingeona kitu.

Ukinunua chembe za dukani, soma karatasi yake. Nyingi zimehifadhiwa kwa azidi ya sodiamu, ambayo ni sumu, na kitu kama sabuni ndani. Zioshe, na uweke kundi lingine lenye kimiminika hicho bila chembe.

Mwana_Ibanda

Asante sana, yaya. Za dukani ni bei kali. Naweza kukwaruza bidoni (dumu) ya manjano kwa tupa?

Kambare_Mkubwa

Bidoni ni polietilini, inaelea. Mayai yako yako chini, hayatakutana nayo, na rangi ya manjano inaongeza kemikali nyingine. Kwaruza chupa ya maji isiyo na rangi: hiyo ni plastiki ya PET, uzito wake ni mara 1.38 ya maji, inazama. Chekecha kwa chujio la 63 µm na utumie kilichopita. Hutafikia 10 µm, basi andika ukubwa ulioupima kwenye mikroskopu, chembe 100 angalau. Na vaa nguo ya pamba siku hiyo, nyuzi za poliesta zinadondoka ndani ya sahani.