Nipo Tabora, natafuta sauti ya hevi metali kwenye gitaa la umeme. Msaada wakuu

NyuziSita_TBR:
Habari zenu wakuu. Napiga gitaa la ridhimu kanisani huku Ng'ambo, kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) za kawaida nazimudu. Sasa hevi metali imeniingia na nataka kuijua kwa dhati. Nina gitaa lenye pikapu (vinasa sauti ya nyuzi) tatu nyembamba, na pedali ya distosheni, ile ya kukwaruza sauti, niliyoagiza Kariakoo ikaja na basi. Natoka kwenye pedali moja kwa moja hadi mikisa na spika za kanisa. Kinachotoka ni mzinga wa nyuki: kelele inachoma masikio, rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia) haieleweki. Geni, yaani kitufe cha kuzidisha distosheni, nimefungua mpaka mwisho. Nibadilishe gitaa au pedali? Hela inatosha kitu kimoja tu.

FundiSpika:
Mkuu, usinunue chochote kwanza. Spika ya amplifaya ya gitaa haitoi masafa yote. Kuanzia kama hetsi 5,000 kwenda juu inashuka haraka, na hiyo ndiyo inayofuta mkwaruzo wa distosheni. Spika za kanisa zina twita (spika ndogo za sauti kali), zinatoa kila kitu. Kati ya pedali na mikisa panahitajika kiigizo cha kabati, yaani kifaa kinachoiga boksi la spika ya gitaa. Kwa leo, shusha trebo (sauti kali) ya chaneli yako yote, usikilize.

DadaRidhimu:
Na geni irudishe nusu. Uzito wa rifu uko kwenye mkono wa kulia. Laza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi pale pale zinapotokea kwenye daraja la gitaa, zinaposhikiliwa upande wa mkono wa kulia. Ukisogea mbele kidogo nota inakufa, ukirudi nyuma inalia wazi. Tafuta katikati, hapo utasikia "jug jug" yenyewe. Piga kwa kushuka tu, polepole, na metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo). Tumia pawa kodi, yaani nota ya mzizi na ya tano. Nota ya tatu iache, kwenye distosheni nzito inavuruga kila kitu.

NyuziSita_TBR:
Asante dada. Vipi kuhusu kushusha tyuni?

MzeeWaDansi:
Kijana, mji wa Tabora Jazz kupiga metali, nimefurahi sana. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya metali Black Sabbath ya Birmingham, Uingereza, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Akajitengenezea vifuniko, akatumia nyuzi laini, na kwenye albamu ya 1971 akashusha tyuni nota moja na nusu kwenye baadhi ya nyimbo. Nyuzi zikilegea vidole vinapumua, na sauti inazama chini. Wewe anza kwa kushusha ule uzi mnene peke yake, kutoka E hadi D. Kama nyuzi zako ni seti ya 9 (namba ya unene), weka ya 10 iliyo nene zaidi, zisicheze ovyo.

NyuziSita_TBR:
Nimeshusha trebo na geni, rifu inasikika nota kwa nota! Ila nikiacha kupiga kuna muungurumo, nikigusa nyuzi unapungua.

FundiSpika:
Pikapu za koili moja zinavuta muungurumo wa umeme. Hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, aliyoibuni Seth Lover pale Gibson mwaka 1955, inauzima. Hela yako ipeleke kwenye kiigizo cha kabati, hambaka itafuata. Lakini kwanza mwite fundi umeme apime ethi (waya wa ardhini) ya kanisa. Kabla hajapima, usishike nyuzi huku mdomo umegusa maiki, umeme unaweza kukupiga.