Namaliza LLB (shahada ya sheria), roho yangu iko kwenye sheria ya mazingira. Nianzie wapi? Naombeni ushauri

Kinda_la_Sheria
Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni kijana wa miaka 24, namaliza LLB mwaka huu hapa Dar. Katika masomo yote, lililonikaa kichwani ni sheria ya mazingira. Shida ni kwamba kila ninayemuuliza ananijibu "hiyo haina hela, kasome kodi".

Niko njia panda. Kuna kampuni ya ushauri wa mazingira, wale wanaoandaa ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira (TAM). Nilifanya fildi kwao na wanataka nibaki, laki sita kwa kuanzia. Ama niende Shule ya Sheria nitafute uwakili, nikae bila kipato, na nikitoka huko nianze kwa kujitolea kwenye asasi. Bumu likikata, nyumbani wote wananitazama mimi. Nijuzeni fursa zilizopo. Matusi hapana.

Chumvi Nyingi
Uzi tayari. Nimevuta kiti, kahawa na kashata mkononi.

Mangi wa Kodi
Kasome kodi. Mwaka wa tisa huu niko kazini, sijawahi kupokea mteja aliyetumwa na mto.

Wakili wa Mikoani
Mangi anachekesha, asikukatishe tamaa. Milango ipo, ila haina vibao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, yaani ni mdogo wako. Vifungu vingi bado havijapata kesi ya kuvipima, kwa hiyo anayeingia sasa anakuta shamba halijalimwa.

LEAT, timu ya wanasheria wa mazingira, wapo tangu 1994. Kawaombe nafasi hata ya kubeba mafaili, utasoma humo. Arusha kuna Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, zote hupokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Ile ya Afrika Mashariki ndiyo iliyozuia mwaka 2014 barabara ya lami kukatiza Serengeti, na waliofungua shauri ni shirika la kutetea wanyama kutoka Nairobi. Halafu soma shauri la mahakama hiyohiyo kuhusu bomba la mafuta la Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Novemba 2023 lilitupwa kwenye divisheni ya awali. Mazingira hata hayakufikiwa, kosa lilikuwa kuchelewa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatoa miezi miwili ya kufungua shauri, basi. Wenye mapenzi na miti wengi wanashindwa na kalenda.

Na biashara ya kaboni, mkuu, ile ya kulipwa kwa kutunza miti inayofyonza hewa ukaa, usiidharau. Tuna kanuni zake tangu 2022. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika kule Katavi vinaingiza hela kwa kutunza msitu. Sasa jiulize, mkataba wa namna hiyo ukifika kijijini, upande wa kijiji anausoma nani? Mwenyekiti na mtendaji. Hapo pana njaa ya mwanasheria. Na kama chuo chenu kina timu ya kesi za kuigiza, kuna mashindano ya mazingira ya Chuo cha Stetson cha Florida, raundi za Afrika zipo.

Bibi wa Tabata
Mimi sheria sijasoma, ila jalala nimelivuta puani. Tabata ile ya zamani ukianika kanga nyeupe asubuhi, jioni unaanua ya kijivu. Moshi usiku kucha, na inzi ukipakua wali lazima ule kwa mkono mmoja, wa pili wa kupungia. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu, 1988 huko, wakashinda. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda! Jaji Lugakingira alishangaa mamlaka ya umma kuja mahakamani bila aibu kuomba kibali cha kuchafua. Jalala likapelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakafungua kesi yao 1991. Mwishowe jalala likahama tena. Likaenda wapi? Vingunguti, kwa shemeji yangu. Tulishinda sisi, inzi wakamfuata yeye.

Mpwani 001
Huku Kenya tuko na Mahakama ya Mazingira na Ardhi tangu 2011, na katiba yenyewe kifungu cha 42 inakupa haki ya mazingira safi. Kesi ya Owino Uhuru hapa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, madini ya risasi yakaingia kwenye damu za watoto. 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hivyo hela iko, kaka.

Chumvi Nyingi
Jirani kaulizwa Dar, kajibu Mombasa.

Dada Hakimu
Ngoja kwanza. Nimefanya kazi kwenye kampuni za aina hiyo miaka minne. Laki sita kwa mtu ambaye hata cheti hajachukua? Na mbona umeandika "wanataka nibaki", hukuandika "wamenipa kazi"? Fildi ulikuwa unafanya nini hasa?

Kinda_la_Sheria
Nilikuwa napanga mafaili, napitia kanuni, pia nilisaidia kwenye ushirikishwaji wa wananchi. Kazi za kawaida tu dada.

Dada Hakimu
Kwenye ushirikishwaji ulisaidia nini? Ulishika kipaza sauti au ulishika peni?

Mangi wa Kodi
Dada kaingia kama mkaguzi.

Kinda_la_Sheria
Sawa. Sikutaka kuliweka kwa sababu silo nililouliza. Tulienda kijiji kimoja kuhusu mradi wa machimbo ya kokoto. Mvua ikanyesha, gari likakwama, tukafika saa kumi wakati mkutano ulikuwa wa saa nne. Tukakuta watu kumi na moja. Bosi akasema ripoti haiwezi kwenda na watu kumi na moja, jaza, hawa wengine wangekuja kama isingekuwa mvua. Kijiji ni cha kwa mama yangu. Nilikuwa na picha za daftari la VICOBA yake, kikundi chao cha kuweka akiba, kwenye simu. Nikachukua majina humo. Karatasi ya mahudhurio ikafika watu 64.

Ila naomba mnielewe. Wananchi wenyewe wanayataka hayo machimbo, kuna ajira. Hata wangefika wote wangekubali.

Dada Hakimu
Kama wangekubali, kurudi kesho yake kuliwashinda nini?

Ustadh Mnyoofu
Kijana, ushahidi wa uongo si jambo dogo mbele ya Mola wako. Rizki haiji kwa kughushi. Tubu kabla jua halijazama.

Wakili wa Mikoani
Achana na jua kuzama, tuzungumze sheria. Taarifa ya uongo ndani ya ripoti ya TAM ni kosa la jinai chini ya sheria ileile unayosema unaipenda. Na siku unaomba kuandikishwa uwakili, mwenendo wako unaangaliwa. Kesi za mazingira mara nyingi zinaanzia kwenye karatasi hiyo hiyo: wananchi wanasema hatukushirikishwa, wakili wao anaomba mahudhurio, anaanza kuita jina moja moja. Ungekuwa upande wa pili ungeifurahia sana.

Chumvi Nyingi
Hao wa VICOBA wote wazima? Isije mkutano ukawa na mzimu.

Kinda_la_Sheria
Mmoja alifariki Januari. Nimejua baadaye, mama aliponiambia ya msiba.

Mzee wa Kumbukumbu
Samahani wakuu, msilie bado. Akaunti hii hii Machi iliandika ina duka la vifaa vya simu Mwanza na inatafuta mbia. Leo ni LLB Dar. Hii chai, tena ya tangawizi.

Ustadh Mnyoofu
Nilihisi tangu mwanzo.

Mangi wa Kodi
Duka la simu Mwanza? Lina mashine ya EFD ya kutoa risiti?

Kinda_la_Sheria
Akaunti ni ya kaka yangu, tunatumia wote. Sina sababu ya kutunga.

Mzee wa Kumbukumbu
Kila mtunga chai ana kaka.

Kinda_la_Sheria
Nilianza na peni ya bluu. Jina la 31 wino ukaanza kukatika, nikawa naichezesha kwenye kiganja, ikagoma. Nikamalizia na nyeusi ya dereva. Saini nilikuwa nageuza mkono, nyingine nalaza, nyingine nasimamisha, wale wazee nikawawekea dole gumba. Dole lilikuwa langu. Mpaka Jumanne kucha lilikuwa na wino.

Bibi wa Tabata
Huyu hatungi.

Wakili wa Mikoani
Ripoti imeshapelekwa NEMC, baraza la mazingira?

Kinda_la_Sheria
Bado, inapelekwa Jumatatu.

Wakili wa Mikoani
Basi una siku tatu. Mwandikie mtaalamu mshauri anayeongoza ripoti, yule aliyesajiliwa, usiishie kwa bosi wako. Barua fupi: orodha niliyoiandaa ina watu kumi na moja tu waliohudhuria, naiondoa, naomba mkutano urudiwe. Weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiwe na maneno mengi. Usimtaje Mungu wala mvua. Halafu njoo faragha nikupe watu wa kuwaona kuhusu kujitolea.

Kinda_la_Sheria
Nashukuru mkuu. Ila mkataba wa kazi nilishasaini Ijumaa iliyopita. Na wameshatoa nusu mwezi, nimelipa kodi ya chumba na ada ya mdogo wangu. Nilitaka kujua tu kama kwa kampuni za namna hii mtu anaweza baadaye kurudi kwenye uwakili.

Dada Hakimu
Kwa hiyo ulikuja kutafuta baraka.

Kinda_la_Sheria
Si hivyo dada. Nyie mna kazi.

Bibi wa Tabata
Mwanangu, nikuulize kimoja tu, wala sikugombezi. Jina la mama yako kwenye hiyo karatasi uliliweka namba ngapi?

Kinda_la_Sheria
Sikuliweka.

Mangi wa Kodi
Hiyo laki sita ni kabla ya makato au baada?