Gari la umeme Mwanza: Leaf ya mtumba au jipya la Kichina?

Ng'wana Buhongwa: Wakuu, habari za jioni. Toyota IST yangu giaboksi inaruka na mafuta yananimaliza, nimeamua kuhamia umeme. Niko njia panda: Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, au nijibane nichukue jipya, BYD Dolphin au linalofanana nayo. Nishaurini, hela naituma wiki ijayo.

Kirumba Boy: Bajeti? Kwa siku unatembea kilomita ngapi? Leaf ya mwaka gani? Umeandika kama mtu anayeulizia nyanya soko la Mlango Mmoja.

Fundi Rewaya: Na utachajia wapi? Leaf haziko sawa. Zilianza mwishoni mwa 2010 na betri ya kWh 24, yaani uniti 24 za umeme, ikaja ya 30, umbo la 2017 likaja na 40, kisha 62. Ya 24 achana nayo, ni kizee, na gari likizidi miaka 8 TRA wanakuongezea ushuru wa uchakavu. Tafuta ya 40. Kabla ya kulipa, muuzaji akutumie picha ya LeafSpy, programu ya simu inayoonyesha afya ya betri. Akileta maneno mengi, hamia kwa mwingine.

Ng'wana Buhongwa: Buhongwa mjini kwenda na kurudi, pamoja na shule za watoto, haifiki kilomita 50. Mara moja kwa mwezi Geita kwa wazee.

Mama Sangara: Mdogo wangu, mimi nilinunua ya mtumba hapa hapa nchini, yadi siitaji jina. Kwenye dashibodi vipande vya betri vyote 12 vinawaka, nikasema Mungu kanionea huruma. Wiki ya tatu vikawa 10. Mwezi wa pili, 8. Kumbe walifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili ijione mpya. Siku hiyo tumetoka msibani Magu, nyuma nimempakia bibi na masufuria mawili ya kuazima. Nimezima AC, vioo juu kwa sababu ya vumbi, bibi analoa jasho. Tunakaribia Kisesa, kakobe ka njano kakatokea kwenye dashibodi na gari likaanza kutambaa. Bibi anauliza, "Huyo kobe anataka nini?" Hata sijamjibu, tumesimama. Fuso ya dagaa ikatuvuta kwa kamba mpaka Igoma. Harufu ilikaa kwenye viti wiki nzima, na gari halikuwaka tena vizuri.

Dereva wa Fuso: Pole sana mama. Ila Leaf haivutwi magurudumu ya mbele yakiwa chini. Yakizunguka, mota nayo inazunguka na kuzalisha umeme, unaharibu vitu. Inabebwa.

Mama Sangara: Saa nne usiku Kisesa ungekuja kunibebea wewe?

Kirumba Boy: Ndiyo maana nasema jipya! Betri ya BYD ni LFP, aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, unaijaza mpaka 100 bila wasiwasi, na ina mfumo wa kuipoza. Ya Leaf inategemea upepo tu.

Fundi Rewaya: Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, joto letu si la Dar. Upepo unamtosha. Leaf inakula kama uniti 16 kwa kilomita 100. Uniti ikiwa karibu 350, hiyo ni 5,600. IST kwa umbali huo inakunywa lita 7, zidisha kwa bei ya sheli leo.

Mpangaji Mkongwe: Hesabu nzuri, ila aliyezoea tarifu nafuu ya uniti 75 kwa mwezi aiage. Kilomita 50 kwa siku ni uniti 8, siku kumi tu kaimaliza. Mleta mada, umeulizwa tangu mwanzo: unachajia wapi?

Ng'wana Buhongwa: Nimepanga. LUKU tunashea wapangaji wanne.

Kirumba Boy: 😂😂😂 Hili ndilo ungeanza nalo!

Mpangaji Mkongwe: Usitume hata senti. Sisi tuligombana kwa sababu ya pasi.

Dereva wa Fuso: Safari za Geita, pita daraja la Kigongo–Busisi, kilomita kama 3, unavuka bila foleni.

Kirumba Boy: Mwenye gari la umeme apite Kamanga. Kwenye kivuko gari linasafiri bila kula betri.

Dereva wa Fuso: Nauli ya kivuko hailiwi?

Kirumba Boy: Kuna sato wa kukaanga pale, we hujui.

Mama Sangara: Sato wa Kamanga wamepanda bei siku hizi.

Ng'wana Buhongwa: Wakuu, nimerudi. Mwenye nyumba kakubali nifunge mita yangu kwa gharama zangu, ila hataki waya upite ukumbini, na jirani wa chumba cha pili anauliza kama pikipiki yake ya umeme nayo itachajiwa humo humo. Bado natafakari.

Fundi Rewaya: Fundi akikuwekea soketi, hakikisha kuna ethi. Na waya wa kuchajia wa Japani kichwa chake hakiingii kwenye soketi zetu.

Kirumba Boy: Hiyo IST unauza bei gani?