Mti wa bunya: mbegu zake zinalika kweli?

Mama Shani (Toowoomba)
Wapendwa, nyuma ya nyumba tuliyopanga huku Australia kuna mti mrefu unaofanana na msonobari, majani yake yanachoma. Juzi usiku nilisikia kishindo, nikadhani ukuta umeanguka. Asubuhi nikakuta koni ya kijani, yaani kichwa cha mbegu cha mti huo, kubwa kama fenesi changa. Nimeipima, kilo 6! Jirani anasema ni bunya na mbegu zake zinaliwa. Kwetu Muheza tunachemsha kokwa za fenesi. Na hizi nichemshe vilevile?

Mzee wa Brisbane
Mwanangu, kwanza watoto wasicheze chini ya mti huo mpaka Machi iishe. Koni hufika kilo 10, na hazipigi hodi.

Zinalika, na ni chakula cha heshima. Mimi alinionjesha mama mmoja wa Wakka Wakka, watu wa asili wa huku, niliyefanya naye kazi. Kabla sijatia mdomoni alinisimulia kwanza habari za Milima ya Bunya, huko kaskazini-magharibi mwa mji wenu. Mavuno makubwa huja kama kila miaka mitatu. Yakikaribia, wenyeji walituma wajumbe, na watu wakatembea mamia ya kilomita kuja kula, kucheza ngoma, kuozesha watoto na kumaliza kesi zao. Hata mahasimu waliweka ugomvi kando.

Mwaka 1842 Gavana Gipps wa New South Wales, koloni la Waingereza lililotawala huku wakati huo, aliwakataza walowezi kukalia ardhi yenye bunya au kuikata miti hiyo. Mwaka 1860, Queensland, jimbo letu hili, ikiwa imeshajitenga na kuwa koloni peke yake, katazo likafutwa, misumeno ikaingia. Hifadhi ya taifa ilipotangazwa 1908, wengi wa wenye milima walikwishahamishwa kwa nguvu. Hilo linaniuma kila nikipanda kule.

Bi Mwana
Dada, chemsha nusu saa kwa maji ya chumvi, kisha pasua zingali moto. Zikipoa, ganda linakushinda.

Mama Shani (Toowoomba)
Ahsanteni. Shikamoo Mzee. Nimezipika kwa tui, watoto wamekomba sufuria. Mbili nimezifukia kwenye ndoo ya udongo.

Mzee wa Brisbane
Marahaba. Ukiona kimya usizifukue. Bunya huenda chini kwanza, hujitengenezea kiazi udongoni, na chipukizi huweza kukawia miezi mingi.