Mwanangu alitoboka utumbo baada ya kemo: tuendelee na dawa au tusubiri?

Mama Jabu
Habari za jioni ndugu zangu. Mwanangu ana miaka 6, ana saratani ya Burkitt ya tumboni. Siku ya nne baada ya dripu ya kwanza ya kemo, yaani dawa za saratani, tumbo lilikaza kama ubao, hataki hata shuka limguse. Eksirei ikaonyesha hewa imevuja tumboni. Usiku uleule akapasuliwa, wakakata kipande cha utumbo mdogo, sasa haja inatokea kwenye mfuko ubavuni. Leo ni siku ya 12, tuko wodini, uji anakunywa. Daktari anataka kemo iendelee wiki hii. Bibi yake anakataa, anasema dawa ndiyo iliyomtoboa. Nishaurini.

Nesi wa Zamu
Pole sana dada. Bibi ana hoja. Uvimbe hujijenga ndani ya ukuta wa utumbo, kemo ikiuua panabaki tundu. Ila wapo wanaotoboka kabla hata ya dawa. Na Burkitt inaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo mwezi mzima wa kusubiri ni hatari kuliko hofu ya mshono kuachia. Waombe daktari wa upasuaji na wa saratani wakae pamoja: utumbo umeshika? Homa imekata? Seli nyeupe za damu zikoje? Wakiridhika wote, endeleeni.

Baba Neema
Wangu alipita hukohuko. Sisi kilichotutesa ni mfuko, maji ya utumbo mdogo yanababua ngozi. Kata tundu la mfuko lienee mdomo wa utumbo, lisizidi, na kausha ngozi kabla ya kubandika. Mfuko ukijaa mara kwa mara na macho yakaanza kuingia ndani, mwite nesi hapohapo, maji yanamwishia. Utumbo walimrudishia kemo ilipoisha.

Kibo_88
Kuna mizizi ya kukausha kidonda cha ndani, nikuelekeze?

Nesi wa Zamu
Hapana, tafadhali. Ini na figo zake zina kazi kubwa na dawa za kemo. Tena dada, akiwa anatumia prednisoloni (dawa ya steroidi) tumbo linaweza kutoboka tena bila kukaza. Homa ndogo, moyo kwenda mbio, mtoto kunyong'onyea: usimpe kitu mdomoni, ita daktari.

Mama Jabu
Asanteni sana. Nimemsomea bibi yake kwa simu. Kesho anapanda gari la kwanza kutoka Mbagala, aje amsikie daktari mwenyewe.