Naomba ushauri: karatasi ya kampuni katikati ya habari

Wandugu, salamu kutoka Lubumbashi. Nasoma habari za asubuhi kwenye redio ndogo ya mtaani.

Siku hizi mkurugenzi ananiletea karatasi ya "uchambuzi" wa kuisifu kampuni moja ya shaba, niisome katikati ya habari. Hakuna muziki wa kutenganisha, hakuna kusema imelipiwa. Mama wa mtaa wa Katuba hapa kwetu, redio yake kando ya mbabula (jiko la makaa), atajuaje kwamba hapo inasema kampuni, si sisi?

Hati ya Munich ya 1971, ile ya wajibu na haki za waandishi wa habari, inakataza wazi kuchanganya kazi ya mwandishi wa habari na ya mtangaza biashara au mpiga propaganda. Nilimwonyesha, akacheka: "Munich italipa mafuta ya jenereta?" Na hapo, tuseme ukweli, ana haki kidogo. Mishahara inachelewa, na nani asiyejua kupaje, ile bahasha ya "transpoti" wanayogawa mkutano na waandishi ukiisha?

Nawaza kumwomba karatasi isomwe na sauti nyingine, baada ya habari kufungwa, na itajwe kuwa ni tangazo. Pesa ingebaki. Lakini kampuni itakubali? Nadhani wanalipia hasa ule mchanganyiko.

Walioko Goma na Bukavu, kwenu mnafanyaje? Nianzie UNPC, umoja wetu wa waandishi wa habari wa Kongo, au niende moja kwa moja CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari? Na nikikataa kusoma, nitumie maneno gani? Ni mzee kwangu, sitaki aone namdharau, na kazi bado naihitaji.