Watangazaji wa Chelsea Flower Show: mbona ua lenyewe halisemwi?

Mpenda_Bustani:
Wadau, nauliza kuhusu matangazo ya BBC ya Chelsea Flower Show, maonyesho makubwa ya maua na bustani kule London. Kamera inatua kwenye ua, mtangazaji anasifia rangi, kisha anamgeukia mbunifu wa bustani na kumuuliza anajisikiaje kupata medali. Jina la ua, kimo, udongo linaoutaka, jua au kivuli: kimya. Ni uzembe au muda hautoshi? Na kwa anayetaka kujifunza kupanda, amsikilize nani?

Kitalu_Mche:
Kati ya watangazaji hao, msikilize Carol Klein. Alikuwa na kitalu chake, Glebe Cottage kule Devon, na mimea yake imewahi kupata dhahabu Chelsea. Mtu aliyeotesha mbegu kwa mikono yake hukuambia ua linaishi wapi porini, na ukishajua hilo umeshajua kivuli na unyevu linaoutaka. Kwa mpangilio wa bustani, ngazi, mawe na maji yanakoelekea, bora Joe Swift. Ni mbunifu, na mwaka 2012 bustani yake ilipata dhahabu hapohapo. Wanaoletwa kwa ajili ya uchangamfu wao wana kazi yao, lakini usikae na kalamu ukiwasubiri.

Udongo_Mweusi:
Muda ni mfupi kweli, ila mkuu, swali la "unajisikiaje" linakula sekunde zilezile ambazo swali la maana lingekula. Ningependa wamuulize mkulima: "Umefanyaje mmea huu uchanue wiki hii?" Jibu ni somo zima. Mimea ya maonyesho hucheleweshwa kwenye chumba baridi au huharakishwa kwenye banda lenye joto, ndiyo maana unaona maua ya misimu tofauti yamechanua pamoja. Mtazamaji asipoambiwa, anapanda pamoja mimea miwili ya misimu tofauti na kushangaa mmoja ukimaliza kabla mwenzake hajaanza.

Kosa kubwa zaidi ni kutoonyesha chini. Mimea mingi ya bustani zile imo bado kwenye vyungu vya plastiki vilivyozamishwa ardhini, imesongana jani kwa jani, na ukingo wa chungu umefichwa kwa udongo au maganda ya miti. Mtangazaji akiinua majani na kamera ikashuka, jambo linaeleweka papo hapo. Ukiiga msongamano ule nyumbani, hewa haipiti, ukungu unaingia, na mimea mikubwa inaufunika midogo. Ua la Geum 'Totally Tangerine', kwa mfano, lipe nafasi ya kama sentimita 45 kati ya mche na mche.

Mfano mwingine ni airisi zenye ndevu, ambazo kila mwaka husifiwa kwa rangi tu. Tunguu lake, lile lililo kama tangawizi, linatakiwa lilale juu ya udongo lipigwe na jua. Ukilifukia chini utapata majani miaka nenda miaka rudi, ua hulioni. Sentensi hiyo haifiki sekunde kumi kuitamka.

Jicho_la_Jaji:
Naongeza la medali, maana hapo watangazaji wengine hupotosha bila kukusudia. Wanatangaza kana kwamba ni mbio na dhahabu ni ya mmoja. Sivyo. Kila bustani hupimwa kwa kiwango, si dhidi ya jirani yake, kwa hiyo dhahabu zinaweza kuwa nyingi. Mbunifu huandika mapema bustani yake ni ya nani na ya kazi gani, na majaji wanakagua kama alichojenga kinalingana na alichoandika. Ameandika "kivuli kikavu" halafu kaweka mimea ya kinamasi? Alama zinashuka hata kama macho yanafurahi. Mtangazaji akisoma maelezo hayo kwanza, mtazamaji ataelewa kwa nini bustani aliyoipenda imepata fedha iliyopakwa dhahabu, yaani medali iliyo ngazi moja chini ya dhahabu. Tuzo ya chaguo la watu ndiyo inayopigiwa kura na umma.

Mpenda_Bustani:
Ahsanteni sana. Kwa hiyo jina la mmea lisipotajwa nifanyeje?

Kitalu_Mche:
Simamisha picha kibao cha jina la mmea kikipita, kisha nakili jina la Kilatini lote, pamoja na lile lililo ndani ya alama za nukuu mwishoni. Hilo la mwisho ndilo linalobeba rangi na kimo. Ukiandika "Iris" peke yake utaletewa chochote.